Kwa nini ngozi ya mwanadamu humtesa mchoraji

Mwanafunzi wa sanaa akipewa kazi ya kuchora mwili mtupu, kwanza hutafuta "rangi ya ngozi". Huchanganya rangi moja, akaipaka kuanzia utosini hadi unyayoni, na mwili unatoka bila uhai. Kosa si la mkono wake. Ngozi haina rangi moja.

Tabaka la juu la ngozi, lenye unene wa takriban milimita 0.1 katika sehemu nyingi za mwili, lina melanini. Idadi ya seli zinazoitengeneza hukaribiana kwa watu wote. Kinachotofautiana ni kiasi na aina ya melanini yenyewe. Chini yake imetandazwa mishipa midogo ya damu. Mwanga hupenya humo, hutawanyika, kisha sehemu yake huturudia machoni ikiwa imechujwa na melanini na damu. Ndiyo maana viganja havifanani na mapaja, na mshipa wa mkononi huonekana wa kijani au buluu ilhali damu iliyomo ni nyekundu iliyokolea.

Ngozi nyeusi ina mtihani wake. Melanini nyingi humeza sehemu kubwa ya mwanga, hivyo mng'ao wa juu ya ngozi huonekana zaidi, nao hufuata rangi ya mwanga wenyewe: ubuluu wa anga ukiwa nje, umanjano wa taa ukiwa ndani. Anayechora mng'ao huo kwa nyeupe tupu huifanya ngozi ipauke kama iliyokosa mafuta.

Wachoraji wa Italia waligundua kwa macho tu kwamba rangi ya ngozi hutokana na matabaka yake. Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa uchoraji yapata mwaka 1400, alielekeza kutanguliza udongo wa kijani chini ya rangi za mwili. Baadaye Titian alipaka rangi za mafuta tabaka juu ya tabaka, nyingine nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga.

Mchoraji Mwingereza Lucian Freud, aliyefariki mwaka 2011, alipendelea nyeupe nzito ya Cremnitz kuchorea miili. Rangi hiyo ina madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo, neva na figo, hasa kwa watoto. Anayejifunza atumie nyeupe ya titani, asile chakula penye rangi, na asome kibandiko kabla ya kununua.