Mabano, MAGAZIJUTO na Kikokotoo

Mfasiri wa maelezo ya matumizi ya kikokotoo hukutana na vitufe viwili vidogo vyenye alama za mabano, naye huvipita upesi kwa kudhani kwamba havina tatizo la lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo lipo, na kwamba laweza kugharimu fedha.

Tuchukue mfano wa ofisini. Waraka wasema: "Jumlisha nauli shilingi 12,000 na chakula shilingi 8,000 mara watu 5." Karani mwenye kikokotoo cha kawaida, ambacho hutekeleza kila tendo kwa kadiri vitufe vinavyobonyezwa, atapata 100,000. Mwenzake mwenye kikokotoo cha kisayansi atabonyeza vitufe vile vile apate 52,000, maana chombo chake hutanguliza kuzidisha: 8,000 × 5 ni 40,000, kisha huongeza 12,000. Hakuna chombo kilichokosea. Kila kimoja kimefuata kanuni yake. Kosa limo katika sentensi. Lau mwandishi angesema "jumla ya nauli na chakula cha mtu mmoja izidishwe kwa 5", maneno "jumla ya" yangefanya kazi ya mabano, na karani wa pili angebonyeza (12,000 + 8,000) × 5.

Hali ni hiyo hiyo katika sehemu. Kitabuni, mstari wa sehemu hutenga kiasi juu na asili chini bila haja ya mabano. Hesabu ikiingizwa katika mstari mmoja, mstari huo hupotea. Mathalani, 12 + 18 juu ya 4 + 2 ni 5. Bila mabano, kikokotoo cha kisayansi hutoa 18.5, na cha kawaida 9.5. Sharti ibonyezwe (12 + 18) ÷ (4 + 2).

Walimu wetu hufundisha utaratibu huu kwa neno MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hili lakumbukika vizuri, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, halitaji vipeo, ambavyo hufuata mara baada ya mabano. Pili, laweza kumfanya mwanafunzi adhani kwamba kujumlisha hutangulia kutoa daima. Katika 10 − 4 + 3 atajumlisha 4 na 3, kisha apate jawabu 3, ilhali jawabu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha navyo vina cheo kimoja, ila hapo kutanguliza kugawanya hakubadili jawabu.

Limebaki suala la istilahi yenyewe. Darasani, "kufungua mabano" ni kuyaondoa, kama 2(a + b) inavyogeuka kuwa 2a + 2b. Lakini anayesomea wengine maandishi kwa sauti husema "fungua mabano" akimaanisha kuweka alama ya kwanza. Mwalimu akisoma maelezo ya kikokotoo yasemayo "fungua mabano", ashike maana ipi? Ili kuepusha utata huo, twapendekeza matumizi yafuatayo:

Kuanza mabano: kubonyeza kitufe cha alama ya kushoto.
Kufunga mabano: kubonyeza kitufe cha alama ya kulia.
Kufungua mabano: kuondoa mabano kwa kukokotoa, neno hili libaki darasani.
Mabano ya ndani: mabano yaliyomo ndani ya mengine, ambayo hukokotolewa kwanza.
Utaratibu wa matendo: kanuni ya tendo lipi litangulie.

Mfasiri na akumbuke pia kwamba idadi ya mabano yaliyoanzwa sharti ilingane na ya yaliyofungwa. Na kabla ya kupeleka waraka wake, aikokotoe mwenyewe kila hesabu iliyomo, kwa vikokotoo vya aina zote mbili. Majawabu yakitofautiana, arudi kwenye sentensi yake.