Matairi ya meno makubwa yanavutia kwenye picha, lakini lami ikilowa itakuwaje?

UKISIMAMA dakika kumi kwenye kituo cha mafuta kando ya Thika Road Jumamosi asubuhi, hutakosa kuiona: pikapu ya milango minne, imeinuliwa kidogo, vioo vyeusi, na matairi yenye meno makubwa kama ya trekta. Vijana wa kuosha magari wanaiangalia mara mbili. Mwenyewe anashuka polepole, akijua fika kwamba anaangaliwa.

Ukweli usemwe, inapendeza. Pikapu yenye matairi ya kawaida huonekana kama gari la kampuni lililotumwa kupeleka simiti. Ivishe matairi ya meno makubwa na ghafla inakuwa gari la mtu anayekwenda Turkana wikendi, hata kama mbali zaidi aliyowahi kufika ni Naivasha.

Shida ni kwamba matairi ndiyo sehemu pekee ya gari inayogusa barabara. Kila tairi hukanyaga lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja. Breki, usukani, injini na roho za mliomo ndani vyote vinategemea viganja hivyo vinne. Kwa hivyo kabla hujatoa doo pale Kirinyaga Road kwa sababu mwenye duka amekuambia, “Bosi, hizi zinafika popote,” keti chini ufanye hesabu.

Herufi mbili zinazobeba kila kitu

Matairi ya pikapu yamegawanyika katika makundi matatu makuu. H/T ni ya barabara kuu: meno madogo yaliyokaribiana, kimya, laini kwenye lami. M/T ni ya matope: vipande vikubwa vya raba vilivyoachana sana ili tope litoke. Katikati kuna A/T, tairi la maeneo yote. Siku hizi kumezuka pia R/T, ambalo ni A/T lililokasirika: sura ya M/T, tabia zimepunguzwa makali kidogo.

Vijana wengi wanaposema wanataka “all-terrain kali” wanamaanisha A/T ya meno makubwa au hiyo R/T. Angalia herufi zilizoandikwa ubavuni, usiangalie jina la familia peke yake. Kwa mfano, Yokohama Geolandar na Bridgestone Dueler ni majina ya familia nzima. Ndani ya kila moja kuna H/T, A/T na M/T. Ukimwambia muuzaji “nipe Geolandar” bila kutaja aina, ni kama kuingia hotelini na kuagiza “chakula”.

Hesabu ya wiki yako

Chukua karatasi. Andika kilomita unazokwenda kwa wiki, kisha tenga za lami na zisizo za lami.

Tuseme unaishi Kitengela na kazi iko Westlands. Ni kama kilomita 35 kwenda, 35 kurudi. Siku tano, hizo ni 350 za lami. Kutoka lami hadi langoni kwako ni kilomita mbili za udongo mweusi, kwa hivyo kwenda na kurudi siku tano ni kilomita 20. Ina maana kwamba katika kila kilomita 100 unazoendesha, ni kama 5 tu zinazohitaji meno. Zile nyingine 95 unazilipia kwa mafuta, kelele na breki.

Hiyo haimaanishi uachane na A/T. Kilomita mbili za Kitengela wakati wa mvua ya masika zinaweza kukulaza nje. Inamaanisha A/T ya wastani, yenye meno yaliyokaribiana katikati na makali zaidi pembeni, itakufaa kuliko ile ya kutisha. Lakini kama wewe ndiye unayebeba viazi na kabichi kutoka Kinangop hadi soko la Wakulima, na nusu ya safari yako ni shambani na murram, hesabu inageuka. Hapo meno makubwa ni jembe la kazi, si urembo.

Mvua ya kwanza ndiyo mtihani

Hili ndilo jambo ambalo halionekani kwenye picha za Instagram. Tairi la meno makubwa lina mapengo mengi, na pengo halishiki lami. Raba inayogusa barabara ni kidogo. Tena meno marefu huyumba unapokanyaga breki au kukata kona. Mengi hutengenezwa kwa raba ngumu ili yasiliwe na mawe, na raba ngumu haishiki vyema lami iliyolowa. Ni kweli mapengo mapana husaidia kuondoa maji yaliyotuama, lakini siku nyingi Nairobi haina dimbwi, ina utelezi: vumbi na mafuta ya magari yaliyokaa barabarani wiki kadhaa, halafu manyunyu ya kwanza yanakuja na kuvigeuza kuwa sabuni.

Sasa ongeza tabia ya pikapu yenyewe. Pikapu imeundwa kubeba mzigo nyuma. Ikiwa tupu, uzito mwingi uko mbele na nyuma ni nyepesi. Ukikata kona ya mzunguko kwa kasi mvua ikinyesha, mkia ndio huanza kuteleza kwanza. Mtu wa bodaboda akikukatizia hapo, sura ya matairi haitakusaidia.

Kwa hivyo unaponunua, inama uangalie meno kwa karibu. Je, kila jino lina vijichale vyembamba vilivyokatwa juu yake? Vijichale hivyo hufunguka na kuuma lami yenye maji. Tairi lenye meno makubwa lakini lenye vijichale vingi ni rafiki wa mvua kuliko lile lenye vipande vya raba vitupu kama matofali. Hicho ni kipimo unachoweza kufanya kwa macho yako mwenyewe, bila kumtegemea muuzaji.

Kama tairi lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake, hiyo ni ya nchi za baridi. Si mbaya, lakini usikubali kuongezewa bei kwa sababu yake. Theluji yetu iko juu ya Mlima Kenya, na hupandi huko na pikapu.

Udongo mweusi hauheshimu mtu

Kuna imani kwamba A/T inatosha popote. Muulize yeyote aliyekwama Ruai au Athi River mwezi wa nne. Udongo mweusi ukilowa hunata kama ugali mbichi. Hujaza mapengo ya A/T na katika mizunguko michache tairi linakuwa kipara, laini kama chungu. M/T hufanya vyema zaidi kwa sababu mapengo yake ni makubwa na tope hurushwa nje gurudumu linapozunguka, lakini nalo lina mwisho wake.

Na kama pikapu yako inasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, usidanganyike kwamba matairi yataigeuza kuwa ya magurudumu manne. Yatakusaidia kiasi. Mara nyingine mifuko miwili ya mchanga nyuma, juu ya ekseli, hufanya kazi ambayo elfu nyingi za matairi hazikufanya.

Murram na mawe ni habari tofauti. Huko kinachoua tairi ni kokoto kali na ncha za mawe, hasa ubavuni. Kwa anayeelekea Loiyangalani kupitia mawe ya volkano ya Marsabit, ubavu mnene ni muhimu kuliko urefu wa meno.

Soma nambari

Ubavuni utaona kitu kama 265/65R17 112S. Hii ndiyo maana yake: upana ni milimita 265, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu ni inchi 17. Nambari 112 ni ya mzigo, kilo 1,120 kwa kila tairi. S ni kasi ya juu kabisa, kilomita 180 kwa saa. Ukiona Q ni 160.

Usishuke chini ya nambari ya mzigo iliyokuja na gari, hata kama tairi ni zuri na bei ni poa. Pikapu inayobeba tani moja ya mahindi juu ya matairi dhaifu huyachemsha, na tairi lililochemka hupasuka pale Salgaa au Mai Mahiu unaposhuka mteremko.

Matairi yenye herufi LT au 10PR ni ya mzigo mzito. Yana mbavu ngumu, lakini pikapu ikiwa tupu yatakurusharusha kwenye matuta. Tena mengi ya LT huhitaji presha zaidi ya matairi ya kawaida ili kubeba uzito uleule, kwa hivyo usinakili tu ile iliyo kwenye kibandiko cha mlango. Muulize fundi anayelifahamu tairi hilo.

Kisha kuna majaribu ya kuongeza ukubwa. Ukitoka 265/65R17 hadi 265/70R17, tairi linakua kwa karibu asilimia 3.4. Ukiruka hadi 285/70R17, ni asilimia 7. Faida yake? Gari linainuka milimita 27 pekee, kama upana wa kidole gumba na kidogo. Hasara ni kwamba mita ya kasi inaanza kudanganya. Ukiona 80, kumbe uko karibu 86, na kamera ya barabarani haitaki kujua una matairi gani. Injini inakuwa mzito kuondoka, breki zinapata kazi ya ziada, na ukikata usukani hadi mwisho tairi huenda likakwaruza ndani ya matao. Tena spea nayo lazima iwe ya ukubwa huohuo. Kwenye gari la magurudumu manne, kuchanganya saizi ni kuivunja gia polepole.

Umri, hata kama ni jipya

Tafuta neno DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 1422 ina maana lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka wa 2022. Raba huzeeka hata ikiwa imekaa dukani bila kuguswa. Watengenezaji wengi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na lisitumike kabisa likipita kumi.

Hapa ndipo mtumba wa meno makubwa huwanasa vijana wengi. Meno bado ni marefu, rangi imepakwa ikang'aa, bei ni nusu. Kumbe ni la mwaka wa 2014. Pitisha kidole kati ya meno. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za ngozi kavu, shukuru, uende zako.

Tangu kiwanda cha Sameer Africa jijini Nairobi, kilichotengeneza matairi ya Yana, kilipofungwa mwaka wa 2016, matairi mengi tunayouziwa hutoka ng'ambo. Dola ikipanda, nayo hupanda. Ni sababu nyingine ya kutonunua mara mbili.

Gharama ambazo hazimo kwenye risiti

Matairi ya meno makubwa ni mazito na hujivuta barabarani, kwa hivyo mafuta yatapanda. Kwa anayeendesha kila siku, hiyo ni pesa ya kila wiki, si ya mara moja. Kelele nayo huanza kama mluzi, kisha baada ya miezi inakuwa mngurumo, hasa meno yakianza kulika upande mmoja.

Dawa yake ni nidhamu. Badilisha nafasi za matairi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Fanya alainimenti na balansi siku unayoyafunga. Pima presha asubuhi yakiwa baridi, usingoje wakati umetoka Nakuru. Ukiingia mchangani au topeni unaweza kupunguza upepo ili tairi litanuke na kushika, lakini uwe na pampu ya kujaza kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi lenye upepo kidogo kwa kasi ya barabara kuu hupata moto, na mwisho wake unaujua.

Basi ununue lipi?

Kama maisha yako ni lami na kipande cha mtaa chenye mashimo, chukua A/T ya wastani yenye vijichale vingi, kwa saizi iliyokuja na gari. Bado itapendeza, na mvua ikinyesha utafika.

Kama wiki yako ni nusu kwa nusu, lami na shamba, hapo A/T kali yenye ubavu mnene na nambari kubwa ya mzigo ni haki yako. Kubali kelele, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, na usikimbie mvua ya kwanza.

Na kama unayataka kwa ajili ya sura tu? Hakuna atakayekukataza, ni pesa yako. Lakini siku ya kwanza ya manyunyu, tafuta uwanja mtupu uliolowa, nenda polepole kama 30 hivi, kanyaga breki, uone gari linasimama wapi. Fanya hivyo ukiwa peke yako, kabla hujawabeba mbogi nzima kwenda Naivasha usiku. Umbali utakaouona hapo utakuwa mrefu zaidi ukiwa na kasi kubwa zaidi barabarani, mtoto wa shule akivuka ghafla.