Habari ya Hatari Yapasa Kumfikia Kila Mtu

Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la shamba lilipasuka huko Solai, kaskazini ya mji wa Nakuru. Maji yaliteremka kwa nguvu yakachukua nyumba pamoja na watu waliokuwamo. Waliokufa walizidi 40, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi.

Msiba huo wakumbusha kwamba wote wahusikao na bwawa yapasa waijue hatari yake mapema, kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake. Mwenye shamba aelezwe hali ya ukuta na gharama ya kuutengeneza. Afisa wa maji aonyeshwe kila ufa, asifichwe neno. Mlinzi ajue ni dalili ipi imlazimuyo kupiga kengele bila kungoja ruhusa. Nao wakaao bondeni waambiwe, kwa lugha waijuayo, mambo matatu: maji yatapita wapi, ishara ni nini, na kilima kipi cha kukimbilia. Kumtajia mama mwenye watoto hesabu ya futi za maji si kumwonya.

Tena, mwenye kuonya naye asikilize. Huenda mchunga mbuzi ndiye atakayeona kwanza maji yakivuja chini ya ukuta. Akidharauliwa leo, kesho atanyamaza.

Mwisho, baada ya kutangaza, watu waulizwe mmoja mmoja: “Ukisikia kengele usiku, utakwenda wapi?” Asiyeweza kujibu bado hajaonywa.