Okoa, rekebisha, opoa, rejesha: vitenzi vinne vya data iliyo hatarini

Katika maandishi kuhusu diski kuu inayoharibika, vitenzi hivi vinne hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe. Katika mazungumzo, mchanganyiko huo hauna madhara makubwa. Katika mwongozo wa fundi wa seva ya Linux, kila kitenzi hutaja hatua yake, na hatua zikivurugwa data huweza kupotea kabisa.

Okoa ni kuondoa katika hatari kitu ambacho bado kipo. Diski inapoanza kushindwa kusoma baadhi ya sekta, seva huzuiwa kwanza isiendelee kuiandikia. Kisha kila kinachosomeka hunakiliwa kwenye diski nyingine isiyo na kasoro, yenye ukubwa usiopungua ule wa kwanza. Programu ya ddrescue ya mradi wa GNU huanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zenye kasoro, na kuzirudia baadaye. Katika faili yake ya ramani, alama ya + huonyesha sehemu iliyokwisha kuokolewa, na alama ya - sekta mbovu. Kwa hiyo kazi iliyokatizwa huendelea pale ilipoishia.
Mfano: *Fundi aliokoa data kabla diski haijazimika.*

Rekebisha ni kuondoa kasoro. Programu ya fsck hurekebisha mfumo wa faili, wala haiponyi chuma cha diski. Ili kurekebisha, huandika. Na kuandika kwenye diski inayokufa huweza kuharibu kile ambacho kingeokolewa. Mfasiri anayeandika «rekebisha diski» mahali palipotakiwa «okoa data» humwelekeza fundi kwenye kosa hilo hasa. Marekebisho hufanywa kwenye nakala.
Mfano: *Rekebisha mfumo wa faili wa nakala, usiiguse diski ya awali.*

Opoa kwa asili ni kutoa kitu kilichozama majini, kama ndoo iliyotumbukia kisimani. Kitenzi hiki hufaa pale mfumo wa faili usiporekebishika, ikabidi faili zitafutwe mojamoja ndani ya nakala. Programu ya PhotoRec hufanya hivyo kwa kutambua alama za aina ya faili. Majina ya awali kwa kawaida hayapatikani.
Mfano: *Picha ziliopolewa, lakini majina yake yalipotea.*

Rejesha ni kurudisha kitu kilipokuwa. Data iliyo kwenye nakala imeokolewa, lakini bado haijarejeshwa. Taarifa isemayo «data zimerejeshwa» huwafanya watumiaji waamini kwamba seva iko tayari kwa kazi.
Mfano: *Data ziliokolewa Jumatatu, zikarejeshwa kwenye seva Alhamisi.*

Tanbihi. Katika miongozo, ni vyema kuepuka «diski nzima», kwani *nzima* huweza kumaanisha isiyo na kasoro au yote kwa ujumla. «Nakili kwenye diski nzima» na «nakili diski nzima» ni maagizo mawili tofauti, yaliyotenganishwa na neno moja tu. Iandikwe «diski isiyo na kasoro» au «diski yote».

Mfasiri asiye na hakika ajiulize data ziko wapi: kwenye diski inayokufa, huokolewa, ndani ya nakala iliyovurugika, huopolewa, zinaporudi kwenye seva, hurejeshwa.