Mzee anayeketishwa kutwa nzima huanguka upesi: namna ya kulinda miguu yake

Katika jamaa nyingi za Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, heshima kwa mzee inaanzia kwenye kiti. Akitaka maji, mjukuu anakimbia kumletea. Akishika ufagio, mke wa mtoto wake anauchukua kwa upole: «Mama, kaa, upumzike.» Ni malezi mema. Lakini miguu isiyotumiwa inapoteza nguvu, na mwili uliozoea kiti unasahau namna ya kujishika unapoteleza. Mwishowe, mzee tuliyemkinga na kazi anaanguka akienda chooni.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba watu 684.000 wanakufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka. Zaidi ya 80% ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Wanaokufa kwa wingi zaidi ni wale waliopita miaka 60.

Kwa nini mzee anayumba

Mwili unajisimamisha kwa msaada wa vitu vitatu: macho, sehemu ya ndani ya sikio, na hisia za nyayo na viungo vya miguu. Ubongo unakusanya habari zao, halafu unaamuru misuli irekebishe mwili kabla haujaanguka. Kwa miaka, kila kimoja kinapungua. Mtoto wa jicho unafifisha macho. Ugonjwa wa sukari unaweza kuua hisia za nyayo. Misuli ya mapaja inakonda. Ndiyo sababu umeme ukikatika usiku, mzee aliyetembea vizuri mchana anaanza kupapasa: macho hayamsaidii tena, na miguu peke yake haitoshi.

Mazingira yetu nayo hayasaidii. Goma, mawe ya volkeno yenye ncha yanatokeza katika njia na parsele nyingi. Bukavu, nyumba za Kadutu zimepanda mlima, na vijia vyake vinateleza kila mvua inaponyesha. Choo mara nyingi kiko nje, mwisho wa parsele.

Vita pia imebadili maisha ya wazee. Mtu aliyekuwa akilima na kupanda vilima kila siku kijijini amekimbilia mjini, anaishi katika chumba kimoja na watoto wake, hana shamba wala pa kwenda. Miguu iliyofanya kazi miaka 60 inadhoofika kwa miezi michache.

Mazoezi yanasaidia kweli

Mwaka 2019, watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 108 yaliyohusu watu zaidi ya 23.000 wenye miaka 60 na zaidi, wanaoishi nyumbani. Waliofanya mazoezi walianguka mara chache zaidi, kwa tofauti ya 23%. Mazoezi yaliyothibitika vizuri ni yale ya kusimama imara na ya matendo ya kila siku, kama kuinuka kitini. Kutembea tu, ingawa ni kuzuri kwa moyo, hakukuonyesha faida ya hakika katika kuzuia kuanguka.

Mazoezi haya hayadai pesa wala mashine:

- Kuinuka kitini. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Inuka bila kusukuma kwa mikono, kaa tena polepole. Rudia mara 10. Ukishindwa, anza kwa kutumia mikono.
- Kupanda juu ya vidole. Shika meza nzito, inua visigino, shusha polepole. Mara 10.
- Mguu mbele ya mguu. Ukiwa karibu na ukuta, weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Simama hivyo sekunde 10, halafu badilisha.
- Kutembea upande. Uso ukielekea ukuta, piga hatua 10 kuelekea kuume, 10 kuelekea kushoto.
- Mguu mmoja. Inua mguu mmoja, hesabu hadi 10, ukiwa tayari kushika ukuta.

Zoezi hilo la mwisho ni kipimo pia. Nchini Brazili, watafiti walipima watu 1.702 wenye miaka 51 hadi 75. Mmoja kwa watano hivi alishindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2022, yalionyesha kwamba walioshindwa walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Si kwamba mguu ndio uliowaua: kuyumba ni ishara kwamba mwili unahitaji kuangaliwa.

Fanya mazoezi haya mara 3 kwa juma, mtu mwingine akiwa karibu. Usishike kiti cha plastiki, kinaweza kuteleza. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha, uende kituo cha afya. Faida huonekana baada ya majuma kadhaa, na inapotea ukiacha.

Nyumba na dawa

Weka tochi karibu na kitanda cha mzee. Ondoa bidoni na masufuria njiani. Mwaga changarawe penye utelezi, na funga mti wa kujishikia kwenye njia ya choo. Ndala zilizolika zitupwe. Kiatu kinachoshika kisigino ni bora. Fimbo iwe na kipande cha mpira chini.

Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za tansio zinaleta kizunguzungu. Mzee asiziache mwenyewe, ila amweleze muganga. Asubuhi akae kwanza kando ya kitanda dakika moja kabla ya kusimama. Chakula nacho ni nguzo: maharage yanajenga misuli, na sambaza zinazoliwa na mifupa yake zinaimarisha mifupa yetu.

Akianguka

Msimvute kwa haraka. Kama hawezi kusimama, au mguu mmoja unaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika: asikandwe, abebwe akiwa amelala hadi hospitali. Akijigonga kichwa, mwangalieni kwa majuma kadhaa. Akianza kuchanganyikiwa, kusinzia ovyo au kuumwa sana na kichwa, apelekwe upesi.

Akipona, hatari nyingine ni woga. Aliyeanguka mara moja anaogopa kutembea, anakaa zaidi, anadhoofika zaidi, halafu anaanguka tena. Hapo ndipo jamaa inahitajika. Mpeni kazi ndogo anayoiweza akisimama: kuanika nguo, kufagia mlangoni. Mjukuu amsindikize hadi kanisani, msikitini au kwa jirani, akimpa mkono pale penye mawe, na kumwacha atembee mwenyewe pale penye tambarare.