Je, Wajua? Kadi za Wachezaji Waliosahauliwa

Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Zaire ikiwa inaelekea kufungwa 9–0 na Yugoslavia katika Kombe la Dunia, mwamuzi Omar Delgado wa Colombia alipigwa teke kwa nyuma. Alimtoa nje Ndaye Mulamba, jezi namba 13. Aliyepiga teke, kama mwenyewe alivyokiri baadaye, alikuwa Mwepu Ilunga, namba 2. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, Mulamba alikuwa amefunga mabao 9 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, rekodi ya mashindano ya mwaka mmoja isiyovunjwa hadi leo. Mfungaji wa aina hiyo alistahili kujulikana kwa sura, na hapo ndipo kadi zinazotengenezwa na mashabiki zinapopata maana: zinampa sura na jina mchezaji ambaye soko halikuona faida ya kumchapa.

Kampuni huchapa kinachouzika, wala si dhambi. Panini ya Modena, Italia, ilianza albamu za picha za Kombe la Dunia mwaka 1970. Lakini katika ile ya 1982, wachezaji wa Algeria na Cameroon walibanwa wawili wawili kwenye stika moja, huku wa mataifa makubwa kila mmoja akikaa peke yake kwa raha zake. Mwaka huohuo Algeria ikaichapa Ujerumani Magharibi 2–1, na Cameroon ikarudi nyumbani bila kupoteza mechi hata moja, baada ya kutoka sare hata na Italia iliyotwaa kombe. Ukubwa wa picha, basi, haukupimwa kwa mpira. Tena biashara hii hutegemea bahati: kwa albamu ya picha 640, anayenunua pakiti za picha tano tano bila kubadilishana na wenzake atahitaji, kwa wastani, pakiti kama 900 ili kuijaza. Mwaka 2014 mume na mke wa Oxford, Uingereza, waliikwepa gharama hiyo kwa kuwachora wachezaji wenyewe kwa mkono, wa timu ndogo sawasawa na mabingwa.

Atasema mtu kwamba shabiki si mwanahistoria, na kadi yake inaweza kueneza uongo. Hoja ina uzito, kwa sababu kosa likishachapwa hupata heshima ya maandishi. Lakini kadi ya sentimita 6.35 kwa 8.89 ina mgongo, na mgongo huo ndio kazi yenyewe: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, klabu, mabao, na pale chini, kwa herufi ndogo, gazeti au mtu aliyetoa habari. Tarehe isiyothibitika iachwe wazi, mwenye ushahidi aje aijaze. Kuhusu haki ya picha, mtengenezaji amwombe ruhusa mchezaji au familia yake, na picha ya mpiga picha mwingine asiichukue bure. Kuchora kwa mkono, bila kunakili picha ya mtu, humwepusha na hilo la pili. Seti ya Zaire ya 1974 ingeweza kuanza na kadi mbili tu zilizolazwa sambamba, namba 13 na namba 2, kila moja ikiwa na uso wake na jina lake sahihi.