Uteuzi wa Mtaala wa Lugha kwa Watoto Wasomeshwao Nyumbani

Mzazi aamuaye kumsomesha mwanawe nyumbani hupambana mapema na suala la mtaala wa lugha. Hisabati haimsumbui sana, kwani kujumlisha ni kujumlisha popote pale. Lugha si hivyo. Nchini Kenya, vitabu vingi vilivyotungwa makusudi kwa usomeshaji wa nyumbani vimetoka Marekani na Uingereza, navyo vimekusudiwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza. Makala haya yanadhamiria kubainisha ni yepi katika mitaala hiyo yatokanayo na hali ya Kiingereza peke yake, na ni yepi yawezayo kumfaa mtoto anayetakiwa kukimudu Kiswahili pia.

Mitaala hiyo hutumia sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo kufundisha uhusiano wa herufi na sauti. Haistahili kulaumiwa kwa hilo. Herufi ‘ough’ hutamkwa kwa namna tatu mbalimbali katika ‘tough’, ‘though’ na ‘through’. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha uchunguzi uliolinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Uskochi waliosomeshwa kwa Kiingereza walisoma sawasawa kiasi cha theluthi moja tu ya maneno ya kawaida, ilhali Wafini na Wagiriki walisoma zaidi ya tisa katika kila kumi.

Kiswahili hakikuwamo katika uchunguzi huo, lakini tahajia yake iko upande wa Kifini. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na silabi aghalabu huishia kwa irabu. Mtoto anayekisema Kiswahili, akishazimudu silabi, huweza kulitamka takriban neno lolote. Kumpitisha huyo katika masomo ya herufi na sauti kwa miaka mitatu ni kumchosha bure.

Kosa kubwa zaidi hutokea pale mtaala wa Kiingereza unapotafsiriwa tu. Chukua mfano wa orodha ya maneno 220 iliyotolewa na Edward Dolch mwaka 1936, ambayo hadi leo imo katika vitabu vingi vya wanaoanza kusoma. Mengi ya maneno hayo ni maneno madogo ya kisarufi. Je, ‘the’ ni neno gani katika Kiswahili? Halipo. ‘He’ na ‘she’ aghalabu huwa kiambishi a-. Nalo ‘of’ halina umbo moja, bali hufuata ngeli: kitabu cha mtoto, vitabu vya mtoto, ukuta wa nyumba, kuta za nyumba. Yale ambayo Mwingereza huyakariri kama maneno, Mswahili huyakuta ndani ya neno, na hayo hayafundishiki kwa kadi zenye neno mojamoja.

Kadhalika, kipimo cha ugumu wa kitabu hakihamishiki. Vitabu vya Kiingereza vya ngazi ya chini huchagua maneno mafupi. Neno ‘hawatatusomea’ ni refu, lakini si geni kwa mtoto. Amelisikia mdomoni mwa watu. Ndani yake mna ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa, mzizi na unyambuaji. Kinyume chake, ‘ada’ na ‘hawaa’ ni mafupi na yaweza kumshinda.

Hapa ndipo penye hatari isiyoonekana upesi. Mtoto asomaye Kiswahili kwa sauti bila kukwama huwahadaa wazazi wake, wakadhani amekwisha jua kusoma, kumbe anatamka tu. Aidha, utafiti wa Alcock na Ngorosho wa mwaka 2003 kuhusu watoto wa Tanzania ulionyesha kwamba kuendeleza maneno ya Kiswahili si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Imla ya nyumbani basi haina budi kulenga r na l, sh na s, dh na z, kwa kadiri ya lugha ya kwanza ya mtoto.

Si yote ya kigeni yatupwe. Charlotte Mason, mwalimu wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1923, alishauri mtoto asomewe kifungu mara moja, kisha akisimulie kwa maneno yake. Mbinu hii haifungamani na tahajia yoyote, na katika jamii zenye ngano haihitaji kuagizwa ng’ambo. Bibi asiyejua kusoma aweza kuiongoza vizuri kuliko kitabu.

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Walakini ziko nyumba ambamo hupewa nusu saa kwa juma, na mtoto hukisikia kwa yaya na mlinzi wa lango tu. Mtoto huyo akifikia kuandika insha, hakosi herufi. Hukosa la kusema.

Mzazi auziwapo kitabu cha Kiswahili, heri akifungue katikati wala si mwanzoni. Atazame kama mna sentensi nzima za kugeuzwa kutoka umoja kuwa wingi, vitenzi vya kunyambuliwa, na hadithi yenye urefu wa kutosha kusimuliwa. Kikiwa na orodha za maneno na picha za kupaka rangi tu, kitamfaa mtoto kwa muhula mmoja.